Watumwa Waliorudishwa

Jeshi la Babeli lilipouzingira mji wa Yerusalemu, karibu mwaka 588 K.K., mfalme Sedekia alifanya jambo ambalo Biblia haisimulii mfalme mwingine wa Yuda kulifanya. Aliwakusanya wakuu wa nchi, wakuu wa mji, makuhani, watumishi wa jumba lake na wenye mashamba, akafunga nao agano ndani ya hekalu: kila mtu amwachie huru mtumwa wake Mwebrania, mume kwa mke. Ndama akachinjwa, akapasuliwa vipande viwili, nao waliokula kiapo wakapita katikati ya vile vipande. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya tendo lile. Anayepita hapo anasema: nikilivunja neno hili, na nitendwe kama alivyotendwa ndama huyu. Wakapita wote. Watumwa wakaachiwa.

Habari hii imo katika sura ya 34 ya kitabu cha Yeremia, na ni nadra kuisikia ikihubiriwa. Tunamjua Yeremia wa nyumba ya mfinyanzi, Yeremia wa shimo la matope, Yeremia wa machozi. Yeremia wa watumwa tumemwacha. Lakini mtu anayetaka kuelewa manabii walimaanisha nini walipotangaza hukumu ya Mungu, na walidai nini walipoita watu watubu, hana mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Hapa toba ilitendeka kweli, ikaonekana kwa macho, kisha ikafutwa na wale wale walioifanya.

Watumwa hao hawakuwa mateka waliotekwa nchi za mbali. Walikuwa watu wa Yuda, majirani na pengine jamaa wa waliowamiliki. Mkulima wa milima ya Yuda aliishi kwa mvua. Mvua ikikosekana, alikopa nafaka ya kula na mbegu ya kupanda. Mwaka wa pili ukiharibika, deni likazaa deni. Aliweka rehani mazao ambayo hayajaota, kisha shamba lenyewe, kisha watoto, na mwisho nafsi yake. Kitabu cha pili cha Wafalme kinamtaja mjane aliyemjia Elisha akilia kwa sababu mdai alikuwa njiani kuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Hakuna mahali katika simulizi lile panaposemwa kwamba mdai huyo alikuwa akifanya jambo lisilo la kawaida. Ndivyo nchi ilivyokwenda.

Torati ilikuwa imeweka mpaka. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, vinaagiza kwamba Mwebrania aliyenunuliwa atumike miaka 6, na mwaka wa 7 aende zake huru. Kumbukumbu la Torati linaongeza kwamba asiondoke mikono mitupu. Apewe kondoo, apewe nafaka, apewe divai, kwa sababu Israeli wote walikuwa watumwa Misri na Mungu akawakomboa. Uzito wa amri uko hapo. Mungu aliyewatoa katika nyumba ya utumwa hakukubali wajenge nyumba nyingine ya utumwa katika nchi aliyowapa. Yeremia anawakumbusha waziwazi kwamba baba zao hawakuisikia amri hiyo. Kwa vizazi, mwaka wa saba ulikuwa ukifika na kupita, na anayelima akaendelea kulima shamba lisilo lake.

Kwa nini basi Sedekia aliwaachia wakati ule? Wafafanuzi wamependekeza sababu za kidunia kabisa. Mji ukizingirwa chakula hupungua, na mtumwa ni mdomo wa kulishwa na bwana wake. Mtu huru anajitafutia mwenyewe, tena anaweza kuwekwa ukutani ashike silaha. Inawezekana. Lakini nabii hakuchimba nia zao. Anachosema kwa jina la Mungu ni kwamba walikuwa wamegeuka na kufanya yaliyo sawa machoni pake. Tamko hilo linanigusa kila ninapolisoma. Maji yalikuwa yamewafika shingoni, hofu ndiyo iliyowasukuma, na pengine hesabu ya ghala ilikuwa na neno lake; hata hivyo Mungu alilipokea tendo lao na kulihesabu kuwa haki. Mama aliyekuwa akisaga unga wa nyumba ya mtu mwingine alirudi kwa wanawe. Mungu hakungoja moyo wa mwenye nyumba utakate ndipo akiri kwamba jambo jema limefanyika.

Kisha Farao Hofra akatoka Misri na jeshi lake. Wakaldayo, yaani jeshi la Babeli, waliposikia, waliuacha mji wakaenda kumkabili. Malango ya Yerusalemu yakafunguliwa. Watu wakatoka kuvuta pumzi, wakaona mashamba yao nje ya kuta yamekaa bila mtu. Wenye mashamba wakawafuata wale waliowaachia huru, mmoja mmoja, wakawakamata na kuwatia tena utumwani.

Hatuambiwi majina yao, wala walikuwa wangapi, wala kama kuna aliyepigana. Twajua tu kwamba mtu aliyetangaziwa uhuru ndani ya hekalu, kwa jina la Mungu, mbele ya damu ya ndama, alirudishwa na mkono ule ule uliomfungua. Yeremia anasema jina la Mungu lilitiwa unajisi. Anayedhani jina la Mungu hutiwa unajisi kwa matusi na makufuru pekee na aisome sura hii tena: hapa lilitiwa unajisi siku mfanyakazi aliporudishwa shambani kwa nguvu.

Neno la hukumu lililofuata limepangwa kwa ukali wa kutisha. Ninyi hamkumtangazia ndugu yenu uhuru. Basi mimi nawatangazia ninyi uhuru, asema Bwana, uhuru wa kuuendea upanga, tauni na njaa. Waliopita kati ya vipande vya ndama watatendwa kama ndama. Na jeshi lile lililoondoka litaamriwa kurudi. Hukumu inafuata umbo la kosa hatua kwa hatua. Walichowanyima wenzao ndicho wanachonyimwa wao, na kiapo walichokula kinawashika kwa maneno yao wenyewe.

Hapa lazima nirudi nyuma, maana tukiishika sura ya 34 peke yake tutadhani kwamba Mungu alikuwa amekaa akingoja kosa apate kisa cha kupiga. Kitabu chote kinapinga wazo hilo.

Yeremia mwana wa Hilkia alitoka Anathothi, kijiji cha makuhani katika nchi ya Benyamini, mwendo mfupi kaskazini mashariki ya Yerusalemu. Aliitwa mwaka wa 13 wa mfalme Yosia, yaani karibu mwaka 627 K.K. Kwa hiyo wakati wa agano la ndama alikuwa amekwisha kusema kwa takriban miaka 40. Miaka hiyo yote ujumbe wake ulikuwa na neno moja dogo ambalo wasomaji wengi hulipita: ikiwa. Ikiwa mtazitengeneza njia zenu. Ikiwa mtageuka. Katika nyumba ya mfinyanzi alionyeshwa chombo kikiharibika mkononi mwa fundi, na fundi akaufinyanga udongo ule ule kuwa chombo kingine. Maelezo yanayofuata, katika sura ya 18, ni ya wazi kuliko mahali pengine popote katika manabii: taifa lililotangaziwa kung'olewa likigeuka, Mungu ataghairi yale mabaya, na taifa lililoahidiwa kujengwa likifanya mabaya, ataghairi yale mema. Udongo haukutupwa. Ulikuwa ungali mbichi.

Watu wengi humchukulia nabii wa Biblia kuwa mtu wa kutaja yajayo, na hupima ukweli wake kwa kuangalia kama yalitokea. Wazee wa Yuda walijua zaidi. Mwanzoni mwa utawala wa Yehoyakimu, karibu mwaka 609 K.K., Yeremia alisimama katika ua wa hekalu akasema kwamba wasipotubu nyumba hii itakuwa kama Shilo. Shilo ulikuwa mji wa kaskazini ambako sanduku la agano lilikaa siku za kuhani Eli; wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta hapo alama za moto mkubwa wa karne ya 11 K.K. Kila mtu alijua Shilo ni gofu. Kulilinganisha hekalu la Sulemani na gofu kulitosha kumpatia mtu kifo. Makuhani na manabii wa hekalu wakamkamata, wakuu wakapanda kutoka jumba la mfalme, wakaketi penye Lango Jipya, kesi ikaanza.

Utetezi wa Yeremia ni mfupi. Mungu ndiye aliyenituma. Tengenezeni njia zenu naye ataghairi. Kuhusu mimi, nimo mikononi mwenu, ila mkiniua mtajitwika damu isiyo na hatia. Ndipo baadhi ya wazee wakasimama wakamtaja Mika Mmorashti. Miaka 100 hivi kabla ya hapo, siku za mfalme Hezekia, Mika alitangaza kwamba Sayuni utalimwa kama shamba na Yerusalemu utakuwa magofu. Je, wazee wakauliza, Hezekia alimwua? Hakumwua. Alimcha Bwana, akamsihi, naye Bwana akaghairi. Mwaka 701 K.K. Senakeribu wa Ashuru alipiga miji ya Yuda, na kumbukumbu zake mwenyewe zinajisifu kwa miji 46 yenye ngome, lakini Yerusalemu ulibaki umesimama.

Tazama wazee wale walivyofikiri. Neno la Mika halikutimia siku za Hezekia, na wala hawakuliita uongo. Kwao lilikuwa limefanya kazi yake. Lilitamkwa ili lisitimie. Nabii wa hukumu anayefanikiwa ni yule ambaye watoto wa wasikilizaji wake wanakua wakicheza katika mji aliosema utabomoka. Nabii Yona hakuweza kulivumilia jambo hilo. Alipoona mji wa Ninawi umeponea, alikasirika hata kutaka kufa, akakiri kwamba hiyo ndiyo sababu ya kukimbia tangu mwanzo, kwa kuwa alimjua Mungu kuwa ni mwenye huruma. Yeremia hakuwa na uchungu wa namna hiyo. Uchungu wake ulikuwa kinyume chake kabisa: alitamani maneno yake yasitimie, akaona yanatimia.

Safari ile aliokoka, kwa msaada wa Ahikamu mwana wa Shafani. Nabii mwingine, Uria wa Kiriath-yearimu, aliyesema maneno kama yake, alikimbilia Misri. Mfalme akatuma watu wakamrudisha, akamwua kwa upanga. Nasema hivi ili tusidhani mahakama ile ilikuwa ya haki kila siku.

Na Yeremia aliwataka watengeneze nini hasa? Hotuba ya hekalu, ambayo sura ya 7 inaieleza kwa kirefu, inataja mambo yanayoshikika kwa mkono: hukumu ya haki kati ya mtu na mwenzake, kutomwonea mgeni, yatima na mjane, kutomwaga damu isiyo na hatia, kutoifuata miungu mingine. Ibada ya sanamu imo, tena kwa ukali. Baali amo, malkia wa mbinguni yumo, na bonde la mwana wa Hinomu ambako watoto walichomwa moto limo. Nabii hatenganishi dhambi za madhabahuni na dhambi za sokoni. Mtu akimwabudu mungu asiyejali yatima, baada ya muda naye hatamjali yatima. Lakini kinachomuudhi zaidi katika hotuba ile ni waumini wanaoiba, wanaoua, wanaoapa uongo, kisha wanaingia hekaluni na kusema tumeokolewa. Hekalu limekuwa pango la wanyang'anyi, mahali pa kupumzikia kabla ya kwenda kunyang'anya tena.

Wakristo wa Afrika Mashariki wana urithi wao katika jambo hili. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na kuenea miaka ya 1930 hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa watu kusimama mbele ya wenzao na kuungama, lakini majirani wasioamini waliushangaa kwa sababu nyingine. Waliona vitu vilivyoibwa vikirudishwa na madeni ya zamani yakilipwa. Mtu aliyebisha hodi mlangoni akiwa na mali yako mkononi hahitaji kukuthibitishia kwa maneno kwamba ametubu. Hiyo ndiyo toba aliyoijua Yeremia.

Yehoyakimu hakuijua. Katika sura ya 22 nabii anamshutumu kwa kujijengea jumba kubwa lenye madirisha mapana, lililofunikwa kwa mierezi na kupakwa rangi nyekundu, huku akiwatumikisha watu bila ujira. Kisha anamlinganisha na baba yake Yosia, ambaye alikula na kunywa kama mtu yeyote, lakini akaamua kesi ya maskini na mhitaji. Na Bwana anauliza kama huko siko kumjua yeye. Nimewahi kusikia tafsiri nyingi za kina kuhusu kumjua Mungu. Sijasikia iliyo ya kina kuliko hiyo.

Mwaka wa 4 wa Yehoyakimu, 605 K.K., ndio mwaka Nebukadreza wa Babeli alipowapiga Wamisri huko Karkemishi, na ramani ya dunia ile ikabadilika. Mwaka huo huo Yeremia alimwita Baruku mwana wa Neria, akamtamkia kwa kinywa maneno yote aliyoyanena tangu siku za Yosia, naye Baruku akayaandika kwa wino katika gombo. Kusudi limetajwa: huenda watu wa Yuda wakisikia mabaya yote yaliyokusudiwa watarudi, nami niwasamehe. Mwezi wa 9 wa mwaka uliofuata ilitangazwa saumu, watu wakajaa mjini kutoka miji yote ya Yuda, naye Baruku akalisoma gombo lile hekaluni, katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani.

Habari zikafika kwa wakuu, nao wakaogopa. Zikafika kwa mfalme. Alikuwa ameketi katika nyumba yake ya majira ya baridi, na mbele yake pana moto wa makaa. Mtumishi wake aitwaye Yehudi akaanza kusoma. Kila aliposoma safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi akazitupa motoni, hata gombo lote likaisha. Wakuu watatu, Gemaria, Elnathani na Delaya, walimsihi asilichome. Hakuwasikia. Mwandishi wa kitabu anaongeza kwamba si mfalme wala watumishi wake walioogopa au kurarua mavazi yao, na msomaji wa Kiebrania wa zamani asingeweza kukosa kukumbuka tukio lililotangulia: yapata miaka 18 kabla, Shafani, baba yake Gemaria, alimsomea Yosia kitabu cha torati kilichoonekana hekaluni, naye Yosia akararua mavazi yake. Jumba lile lile la kifalme, ukoo ule ule wa waandishi, neno la Mungu yule yule. Baba alirarua nguo, mwana akalikata gombo.

Mwaka 1982, Yigal Shiloh na wenzake walipokuwa wakichimba katika Mji wa Daudi, kusini mwa mlima wa hekalu, walikuta katika nyumba iliyoungua vipande 51 vya udongo vyenye chapa za mihuri. Zamani hati ya mafunjo ilifungwa kwa uzi na kubandikwa bonge la udongo laini, kisha muhuri ukakandamizwa juu yake. Hati zenyewe ziliteketea Wababeli walipouchoma mji. Udongo ulichomeka ukawa mgumu, na kwa sababu hiyo ukadumu. Kimoja kati ya vipande hivyo kina jina la Gemaria mwana wa Shafani. Nyaraka za mji uliokataa kusikia zilikuwa majivu, na jina la mtu aliyeomba gombo lisichomwe likasalia kusomeka.

Manabii waliomkabili Yeremia sitawaeleza kwa kirefu. Mmoja, Hanania wa Gibeoni, aliivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia na kuahidi kwamba katika miaka 2 nira ya Babeli ingevunjika. Alikufa mwaka huo huo. Inatosha kusema kwamba ujumbe wa namna yake ulipendwa kwa kuwa haukudai kitu. Haukumtaka mwenye shamba amlipe mtu.

Turudi kwenye zile siku jeshi lilipoondoka. Katika muda huo mfupi Yeremia alitaka kutoka mjini aende nchi ya Benyamini kushughulikia fungu lake la ardhi. Langoni akakamatwa, akashtakiwa kwamba anakwenda kujiunga na Wakaldayo, akapigwa, akafungwa katika nyumba ya Yonathani mwandishi. Kwa hiyo pumziko lile ambalo mji ulidhani ni wokovu ndilo lililowarudisha watumwa kifungoni na kumtia nabii gerezani. Na lilikuwa fupi. Misri ilirudi nyuma, Babeli ikaja tena.

Kutoka siku hizo za mwisho tuna sauti nyingine nje ya Biblia. Yeremia anasema kwamba kati ya miji yenye ngome ilibaki Lakishi na Azeka peke yake. Mwaka 1935, J. L. Starkey alipochimba magofu ya Lakishi, alikuta katika chumba cha lango, ndani ya tabaka la moto, vigae vilivyoandikwa kwa wino: barua za ofisa mdogo kwa mkuu wake. Katika moja anaeleza kwamba wanaangalia ishara za moto za Lakishi, kwa maana Azeka haionekani. Katika nyingine kuna malalamiko kuhusu maneno ya wakuu fulani yanayolegeza mikono ya watu. Hilo ndilo shtaka ambalo wakuu wa Yerusalemu walimtwika Yeremia mbele ya Sedekia: analegeza mikono ya askari, afe. Mfalme akawaachia wamfanye watakalo, wakamshusha kwa kamba katika shimo lisilo na maji, akazama matopeni.

Aliyemtoa ni Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa nchi iliyo kusini mwa Misri, katika Sudan ya leo, aliyetumika katika jumba la mfalme. Jina lake lina maana ya mtumishi wa mfalme, hata hatuna hakika kama ni jina alilopewa na mama yake. Alimwendea Sedekia penye lango la Benyamini mbele ya watu, akamwambia kwamba watu hawa wametenda uovu. Akapewa ruhusa. Akachukua matambara na nguo kuukuu, akamtupia Yeremia ili aziweke kwapani, kamba zisimchune. Katika mji ambao wenye vyeo walikuwa wamevunja kiapo cha kuwafungua ndugu zao, mtumishi mgeni alimfungua mtu asiye wa kabila lake, na akakumbuka hata ngozi ya makwapa yake. Neno alilotumiwa baadaye linasema kwamba yeye hatauawa siku mji utakapoanguka, kwa sababu alimtumaini Bwana. Hukumu ya manabii, iliyo pana kiasi cha kumeza taifa, ilimwona mtu mmoja.

Na mlango ulikuwa bado wazi hata saa ile. Sedekia alimwita Yeremia kwa siri, nabii akamwambia kwamba akijitoa kwa wakuu wa Babeli ataishi, na mji hautachomwa. Baada ya yote: gombo lililochomwa, watumwa waliorudishwa, nabii aliyetupwa shimoni. Mfalme akajibu kwamba anawaogopa Wayahudi waliokwisha kujiunga na Wakaldayo, wasije wakamdhihaki. Mji uliteketea kwa hofu ya mtu mmoja ya kuchekwa. Sedekia ninamhurumia kuliko Yehoyakimu, kwa kuwa yeye alijua. Kila mara alimtafuta nabii, akauliza, akasikia, akaelewa, kisha hakuthubutu.

Ukuta ulibomolewa mwaka 587 au 586 K.K.; wanahistoria hutofautiana. Sedekia alikimbia usiku, akakamatwa nyanda za Yeriko, akapelekwa Ribla. Wanawe waliuawa mbele ya macho yake, kisha macho yakatobolewa. Mwezi uliofuata hekalu, jumba la mfalme na nyumba zote kubwa zilichomwa moto.

Hapo, katika sura ya 39, kuna mstari mmoja unaoweza kupitwa kwa urahisi. Nebuzaradani, mkuu wa askari walinzi wa Babeli, aliwaacha katika nchi ya Yuda maskini, watu wasiokuwa na kitu, akawapa mashamba ya mizabibu na mashamba ya kulima siku ile ile. Torati iliagiza mtumwa asiondoke mikono mitupu. Walioijua torati hawakulitenda, akaja akalitenda jemadari wa kipagani aliyetoka kuchoma hekalu. Sisemi kwamba Babeli ilikuwa na huruma. Maskini wale walihitajika ili nchi ilimwe. Lakini kitabu kinataka tuione siku hiyo kwa pande mbili. Kwa wenye nyumba kubwa ilikuwa mwisho wa dunia. Kwa mtu aliyefunguliwa kwa kiapo na kurudishwa kwa kamba, ilikuwa siku ya kwanza kusimama katika shamba akaliita langu. Tusiposoma maneno ya hukumu tukiwa tumesimama pia mahali pake, hatujayasoma yote.

Gedalia mwana wa Ahikamu, wa ukoo ule ule wa Shafani, aliwekwa kuwa liwali huko Mispa. Wayahudi waliotawanyika Moabu na Amoni wakarudi, wakavuna divai na matunda ya hari kwa wingi sana. Kisha Ishmaeli, mtu wa uzao wa kifalme, akamwua Gedalia mezani pake. Waliosalia wakaogopa kisasi cha Babeli, wakakusanyika karibu na Bethlehemu, wakamwendea Yeremia: tuombee, na lolote Bwana atakalosema, jema au baya, tutalitenda. Wakamtaja Mungu kuwa shahidi.

Jibu lilikuja baada ya siku 10. Kaeni katika nchi hii, nami nitawajenga wala sitawabomoa, kwa maana nimeghairi mabaya yale niliyowatenda. Msimwogope mfalme wa Babeli.

Wakamwambia unasema uongo, Baruku ndiye anayekuchochea. Wakashuka Misri, wakamchukua Yeremia na Baruku pamoja nao hadi Tahpanhesi. Huko nabii aliendelea kusema nao, nao, waume kwa wake, wakamjibu kwamba walipokuwa wakimfukizia uvumba malkia wa mbinguni walishiba chakula wala hawakuona mabaya, na kwamba tangu walipoacha ndipo waliposhikwa na upanga na njaa.